Charles Dickens: Mwandishi wa Bunge aliyeacha mshahara mkewe akiwa mja mzito

MTU akiwa na kazi ya mshahara, na mkewe ni mja mzito wa miezi saba, kisha akaandika barua ya kuacha kazi ili akae nyumbani atunge hadithi, wazee wa ukoo hukutana wakamjadili. Wako watakaosema amerogwa. Lakini hivyo ndivyo alivyofanya kijana mmoja wa London mnamo tarehe 5 Novemba, 1836. Jina lake ni Charles Dickens, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 24.

Wengi wetu tulikutana na Dickens darasani, tukasomeshwa habari za Oliver Twist, yule yatima aliyeomba aongezwe uji. Katika picha za vitabuni tulimwona mzee mwenye ndevu nyingi na uso uliochoka. Dickens tunayemzungumza leo hana ndevu. Ni mwandishi wa habari mwenye mkono mwepesi, nguo zake zimerukiwa na tope la barabarani, na madeni ya babake yanamfuata nyuma kama kivuli.

Hayo madeni ndiyo yatupasayo kuyatazama kwanza, maana bila ya kuyajua, msomaji hatatambua uzito wa ile barua ya Novemba.

Dickens alizaliwa karibu na bandari ya Portsmouth, kusini mwa Uingereza, tarehe 7 Februari, 1812. Babake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya Jeshi la Wanamaji. Alikuwa mtu mkunjufu, mpenda wageni na mwenye maneno mengi, lakini fedha hazikukaa mikononi mwake. Mwaka wa 1824 mwokaji mikate mmoja alimdai pauni 40 naye hakuweza kulipa, basi akatiwa katika gereza la wadeni la Marshalsea, mjini London. Siku zile mdeni aliweza kuishi gerezani pamoja na jamaa yake, kwa hiyo mama na watoto wadogo wakahamia humo humo. Charles, mwenye umri wa miaka 12, akabaki nje peke yake. Alikuwa amekwisha kupelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu kando ya mto Thames, ambako alifunika vikopo kwa karatasi na kuvibandika vibandiko kwa muda wa saa kumi kila siku. Ujira wake ulikuwa shilingi sita kwa juma.

Baada ya miezi mitatu hivi John Dickens alifunguliwa kwa sheria ya watu waliofilisika. Baadaye akamwondoa mwanawe kiwandani akamrudisha shuleni. Mama yeye alipenda mtoto aendelee na kazi, kwa sababu zile shilingi sita zilikuwa na kazi yake nyumbani. Charles hakumsahau mamake kwa jambo hilo hata alipokuwa mtu mzima mwenye mali. Kiwanda kile alikificha kama mtu anavyoficha kovu la aibu. Alimsimulia rafiki yake John Forster, na watoto wake mwenyewe walikuja kuyajua hayo alipokuwa amekwisha kufa, Forster alipoanza kutoa kitabu cha maisha yake.

Shule yenyewe haikudumu. Mwaka wa 1827, akiwa na miaka 15, aliingia kuwa karani mdogo katika ofisi ya mawakili. Kazi ile ilimchosha kwa uvivu wake, basi akajifunza hati ya mkato ya mtindo wa Gurney, ambayo ilikuwa ngumu kama lugha ya kigeni. Alipoiweza akaenda kuandika kesi katika mahakama za Doctors' Commons, na kutoka hapo akaingia Bungeni.

Leo mwandishi wa Bunge ana kiti chake na chombo cha kunasa sauti. Enzi ya Dickens waandishi walibanana kwenye safu ya nyuma ya roshani ya lile Bunge la zamani, kila mmoja ameweka karatasi magotini, hewa nzito na taa hafifu. Katika Baraza la Malordi walisimama wamesongamana kama kondoo zizini. Wabunge waliweza kunena hata usiku wa manane, na hotuba ilitakiwa iwe gazetini asubuhi. Dickens alisifiwa na wenzake kwamba hapakuwa na mkono mwepesi na wa kuaminika kama wake katika roshani ile.

Mwezi wa Agosti, 1834 aliajiriwa na gazeti la Morning Chronicle kwa gini tano kwa juma. Gini moja ni pauni moja na shilingi moja. Kwa kijana wa miaka 22 ulikuwa mshahara wa heshima. Bunge lilipofungwa alitumwa mikoani kufuata wanasiasa. Baada ya mkutano aliingia katika gari la farasi wanne, likatimuliwa usiku kucha kuelekea London, naye ndani yake akiandika hotuba juu ya kiganja cha mkono kwa mwangaza wa taa ndogo. Magari yalipinduka, magurudumu yaling'oka, farasi walilemaa. Mwaka wa 1835, katika uchaguzi wa Devon, alimwandika Lord John Russell akihutubia uwanjani huku mvua ikinyesha. Wenzake wawili walimhurumia wakatandaza kitambaa cha mkono juu ya daftari lake lisilowe.

Maisha hayo aliyapenda, na hata uzeeni aliyakumbuka kwa furaha. Hili nalitaja kwa sababu wako wanaodhani kwamba mwandishi wa habari hugeuka kuwa mtunzi kwa kuichukia kazi yake. Dickens hakuichukia. Kilichotokea ni kwamba alipokuwa akitembea mitaani aliona mambo ambayo hayakuwa na nafasi katika ripoti za Bunge: makuli, wauza nguo kuukuu, dalali wa rehani, mwanamke anayeweka saa ya mumewe rehani ili anunue mkate. Akaanza kuyaandika hayo. Kisa chake cha kwanza alikitia katika sanduku la barua la jarida la Monthly Magazine wakati wa magharibi, kwa woga, kikatokea mwezi wa Desemba, 1833. Hakulipwa hata peni. Mwaka uliofuata alianza kujiita Boz, jina lililotokana na utani wa nyumbani wa mdogo wake.

Mnamo Novemba, 1834 babake alikamatwa tena kwa deni. Mara hii aliyetafuta fedha ni Charles. Akapanga vyumba katika Furnival's Inn, akamchukua mdogo wake Fred akae naye, na tangu hapo akawa ndiye baba wa nyumba kabla ya kuwa na mtoto wake mwenyewe.

Mwaka wa 1835 wenye Morning Chronicle walianzisha gazeti la jioni, mhariri wake akiwa George Hogarth, Mskoti mpole mwenye kupenda muziki. Hogarth alimwomba Dickens aliandikie visa, na mshahara ukapanda kutoka gini tano hadi gini saba. Pia alimkaribisha nyumbani. Huko Dickens akamkuta binti mkubwa, Catherine. Wakachumbiana mwaka huo huo.

Sasa twende kwenye mwaka wa 1836, ambao ndio kiini cha habari hii.

Mwanzoni mwa Februari visa vya Boz vilitoka kitabuni, vikapendwa. Siku chache baadaye, tarehe 10 Februari, mchapishaji aitwaye William Hall alimfuata Dickens vyumbani mwake na shauri. Mchoraji Robert Seymour alikuwa na picha za kuchekesha za watu wa mjini wanaojaribu kuwinda na kuvua, akataka mtu wa kuziandikia maneno, sehemu moja kila mwezi, bei shilingi moja. Malipo yangekuwa pauni 14 na kitu kwa mwezi. Rafiki zake Dickens walimwonya kwamba hadithi za kuuzwa vipande vipande kwa shilingi ni kazi ya chini na zingemharibia jina. Yeye akahesabu kwamba pauni 14 juu ya mshahara wa gazeti zingetosha kuoa. Akakubali, ila kwa sharti kwamba picha zifuate hadithi na si hadithi kufuata picha. Ndiyo ikazaliwa Pickwick Papers.

Sehemu ya kwanza ilitolewa tarehe 31 Machi. Tarehe 2 Aprili akamwoa Catherine katika kanisa la St Luke's, Chelsea, wakaenda fungate ya juma moja katika kijiji cha Chalk, Kent. Walirudi kwenye vile vile vyumba vya Furnival's Inn, na mdogo wake Catherine, binti aitwaye Mary, akawa mgeni wa mara kwa mara.

Kabla ya mwezi kwisha, tarehe 20 Aprili, Seymour alijiua. Vitabu vilikuwa haviuziki sana, na mtu mwingine angeachilia mbali. Wachapishaji wakapunguza picha na kuongeza kurasa za maneno, mchoraji mpya akatafutwa, hatimaye akapatikana Hablot Browne. Katika sehemu ya nne Dickens akamwingiza Sam Weller, mtumishi mwenye ulimi mwepesi wa watu wa mitaa ya London, na kutoka hapo mauzo yakafumuka. Jarida lililoanza kwa nakala 1,000 lilifika 40,000 kabla ya kwisha mwishoni mwa mwaka wa 1837.

Muda huo wote alikuwa angali mwandishi wa gazeti. Mwezi wa Juni alikaa mahakamani kuandika kesi ambayo waziri mkuu, Lord Melbourne, alishtakiwa na bwana Norton kwa ajili ya mkewe, kesi iliyojaza safu nyingi za gazeti na kumwacha hoi. Usiku alitunga Pickwick. Juu yake alikuwa akiandika michezo ya kuigiza, na alikuwa amemwahidi mchapishaji Macrone riwaya kwa pauni 200, na kumwahidi mwingine, Richard Bentley, riwaya mbili kwa pauni 500 kila moja. Mtu mmoja, mikono miwili, na mke tumboni ana mtoto.

Hapo ndipo twafikia Novemba. Tarehe 4 alitia saini mkataba wa kuwa mhariri wa jarida jipya, Bentley's Miscellany. Angepata pauni 20 kwa mwezi kwa uhariri, na gini 20 nyingine kwa kurasa 16 za maandishi yake mwenyewe. Tarehe 5 akaandika barua ya kuliacha Morning Chronicle.

Tazama hizo tarehe. Wasimulizi wengi hupenda kumwonyesha Dickens kama mtu aliyefumba macho akajitupa majini. Mimi sioni hivyo. Mtoto wa Marshalsea hakuweza kufumba macho. Alipima kina kwa fimbo kwanza, akaona pauni 40 na zaidi kwa mwezi upande mmoja, na zile gini saba kwa juma upande wa pili, ndipo akavuka. Hatari ilikuwa kwingine. Mshahara wa gazeti ulilipwa kwa kuandika maneno ya watu wengine; wabunge hawakukauka maneno. Mapato mapya yalitegemea kichwa chake kitoe kitu kila mwezi, akiwa mgonjwa au mzima, na asiyetoa hakulipwa. Tena aliachana na mwenye gazeti kwa maneno makali, hivyo mlango wa kurudi ulikuwa umerudishwa nyuma yake.

Mtoto alizaliwa tarehe 6 Januari, 1837, wa kiume, akapewa jina la babake. Siku ile Dickens na shemejiye Mary walikwenda mtaa wa Holborn kutafuta meza ndogo ya kuweka katika chumba cha mzazi. Walizunguka, wakapanda na kushuka, mwishowe wakainunua katika duka la kwanza kabisa walilolitazama, ambalo walikuwa wamelipita mara nyingi kwa sababu Dickens aliona haya kuuliza bei. Habari hii aliiandika mwenyewe katika daftari lake la siku baada ya mwaka mzima. Hebu fikiri: jina la Boz limekwisha kuenea mjini, na baba wa mtoto bado anaogopa kuuliza bei ya kijimeza.

Catherine hakupona upesi. Alishindwa kumnyonyesha mtoto, akashikwa na huzuni nzito, akawa halisikii tamu jambo lolote wala chakula hakipiti. Leo madaktari wana jina la hali hiyo na zahanati huifahamu. Siku zile mwanamke aliachiwa jamaa zake wamtazame. Mary, mama Hogarth na mama Dickens walishika nyumba. Mume alikimbia huku na huku kati ya chumba cha mgonjwa na meza ya kuandikia, na katika majuma hayo hayo akaanza Oliver Twist.

Sehemu ya kwanza ilitokea katika Bentley's Miscellany la Februari, 1837. Ni hadithi iliyoanza na mwanamke anayejifungua katika nyumba ya maskini akafa, na mtoto asiyejulikana kama ataishi. Baba mwenye kichanga cha mwezi mmoja ndani ya nyumba ndiye aliyeandika hayo. Hakuyatoa hewani. Sheria mpya ya maskini ya mwaka wa 1834 ilijadiliwa Bungeni wakati yeye akiandika hotuba za wabunge: anayetaka msaada na aingie nyumba ya maskini, mume atengwe na mkewe, chakula kipimwe. Gazeti lake mwenyewe la Morning Chronicle liliunga mkono sheria hiyo. Mwandishi wa habari hakuwa na haki ya kuongeza neno lake katika hotuba ya mbunge. Mtunzi alikuwa nayo, na kijana huyu akaitumia mara tu alipotoka mlangoni.

Wala hakuitupa kazi yake ya zamani. Alipohitaji hakimu mkali wa kumweka katika hadithi, alijua kwamba yuko mmoja wa kweli katika mahakama ya Hatton Garden, bwana Laing, mashuhuri kwa ukali wake. Basi akamwandikia mtu aliyezoea kuandika habari za mahakama hizo, akamwomba amwingize siku moja amwone hakimu kwa macho yake. Katika kitabu akamwita Fang. Mwaka wa 1838 Laing aliondolewa katika kiti chake. Ripota akibadili shamba, jembe ni lile lile.

Mwishoni mwa Machi walihamia nyumba nambari 48, Doughty Street, yenye vyumba 12, kodi pauni 80 kwa mwaka. Shemeji mtu, Henry Burnett, alieleza baadaye kwamba jioni moja walikuwa wamekaa barazani wakizungumza, Dickens akaingia na karatasi zake, akaketi pembeni, akawasihi waendelee na mazungumzo. Aliandika Oliver Twist huku mara kwa mara akitupia neno katika maongezi yao. Wale waliozoea makelele ya chumba cha habari watalielewa hili kuliko maprofesa.

Tarehe 6 Mei walikwenda kutazama mchezo wa kuigiza, Charles, Catherine na Mary. Waliporudi Mary alipanda chumbani akiwa mzima, kisha akaugua ghafla. Siku ya pili alasiri alifia mikononi mwa Dickens. Alikuwa na miaka 17. Dickens alimvua pete kidoleni akaivaa mwenyewe mpaka kufa kwake.

Mwezi ule hakuna kilichotoka, si Pickwick wala Oliver Twist. Ni mara moja tu katika maisha yake ambapo msiba ulisimamisha kazi hivyo. Mume na mke walikwenda kukaa katika shamba moja huko Hampstead kwa majuma mawili, na wachapishaji wakawatangazia wasomaji sababu ya ukimya. Zaidi ya wasomaji makumi elfu walisubiri. Walipoletewa sehemu ya mwezi uliofuata waliinunua kama kawaida, na nadhani siku hiyo ndiyo Dickens alijua hakika kwamba hatarudi kuomba kazi kwa mwenye gazeti.

Mengine yanajulikana na hayahitaji kurefushwa. Aligombana na Bentley kwa ajili ya mikataba, akaacha uhariri mwanzoni mwa 1839. Ile riwaya aliyomwahidi Macrone ilitoka mwaka wa 1841 kwa jina la Barnaby Rudge, kwa mchapishaji mwingine. Gazeti halikumtoka damuni: Januari, 1846 alianzisha Daily News akawa mhariri wake kwa matoleo 17 tu, kisha akang'atuka, na kuanzia 1850 hadi kufa kwake tarehe 9 Juni, 1870 alihariri majarida yake mwenyewe ya kila juma, Household Words na All the Year Round.

Yule mtoto wa Januari, Charley, alijaribu biashara ya karatasi akafilisika mwaka wa 1868. Babake akamchukua katika ofisi ya All the Year Round, na baada ya mazishi mwana ndiye aliyebaki akiliendesha jarida.

Catherine alimzalia watoto kumi, mmoja akafa angali mchanga. Mwaka wa 1858 mumewe alimtenga, akamtoa nyumbani, na wengi wa watoto wakabaki kwa baba. Vitabu vingi hulipita jambo hili upesi upesi, kana kwamba mwanamke aliyelala mgonjwa katika kile chumba chenye meza ndogo hakuwa na sehemu katika hatua ile ya mwaka wa 1836. Alifariki mwezi wa Novemba, 1879. Mwaka huo, akiwa kitandani, alimkabidhi binti yake Kate furushi la barua ambazo Dickens alimwandikia walipokuwa wachumba, akamtaka zihifadhiwe ili watu wajue kwamba zamani mumewe alimpenda. Barua hizo zilikabidhiwa Makumbusho ya Uingereza. Nyingi zimeandikwa Furnival's Inn usiku, kwa haraka, na zinamwomba radhi mchumba kwamba jioni hii hataweza kuja kumwona, kazi haijaisha.